Waraka Waliousaini Wote

Katika vijiji vya Muleba, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba, kahawa huweza kuuzwa kabla haijawa kahawa. Mibuni imetoa maua tu, na mwenye shamba ana ada ya shule inayomkaba au mgonjwa aliyelazwa. Anatokea mtu mwenye fedha taslimu, wanapatana bei ya mavuno ambayo hakuna aliyeyaona, na msimu ukifika mwenye fedha anakuja kuchukua magunia yake. Biashara hiyo Wahaya wanaiita butura. Serikali imeipiga marufuku, na viongozi wameikemea kwenye mikutano ya hadhara kwa miaka mingi, mmoja wao akiwa Kassim Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu. Haijaisha, kwa sababu shida inayoizaa haijaisha.

Butura huzungumzwa kama kosa la mlanguzi mmoja dhidi ya mkulima mmoja. Upo upande mwingine unaosahaulika. Mkulima anayemkatalia mlanguzi wa kwanza anategemea kwamba wa pili atampa zaidi, au wa tatu. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyonayo. Sasa tuseme wa kwanza, wa pili na wa tatu wamekutana jana yake wakanywa chai pamoja, wakakubaliana kwamba kwenye kijiji hiki hakuna atakayevuka bei fulani. Mkulima atazunguka kwa wote watatu na kusikia namba ileile, kisha atarudi nyumbani akiamini kwamba hiyo ndiyo bei ya dunia. Atakuwa ameibiwa na hatajua.

Kosa hilo lina sheria yake. Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003, kifungu cha 9, inawakataza washindani kupanga bei pamoja, kumsusia mtu kwa kukubaliana, na kupanga matokeo ya zabuni. Kifungu cha 10 kinamkataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia nguvu hiyo kuwabana wengine. Tume ya Ushindani, ambayo Watanzania wanaijua zaidi kwa herufi zake FCC, huchunguza na kuamua. Asiyeridhika hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Kama ilivyotungwa, sheria hiyo iliweka faini ya kati ya asilimia 5 na asilimia 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni iliyokosa. Ni mauzo yote, bila kujali kama mwaka huo ulikuwa wa faida au wa hasara. Kampuni inayopata faida ndogo kwa kila shilingi inaweza kufanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya kulipia kosa moja.

Faini, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili huanza siku ya pili yake, pale kampuni iliyotiwa hatiani inapolazimika kuwakalisha watu wake chini na kuwafundisha wasirudie. Wanasheria huiita kazi hiyo mafunzo ya uzingatiaji wa sheria. Duniani kote imekuwa biashara kubwa: wakufunzi, vitabu, mitihani ya kwenye kompyuta, vyeti. Swali linalowahusu watu wa Bukoba na Muleba ni kama mafunzo hayo hubadilisha chochote pale mzani unapopimia.

*

Tuanze na kesi ya nyumbani. Mwaka 2009 kampuni ya Serengeti Breweries ilipeleka malalamiko FCC dhidi ya Tanzania Breweries, kampuni iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la bia nchini. Malalamiko yalihusu mabango. Serengeti ilidai kwamba mpinzani wake alikuwa akifunga mikataba na wenye baa na kuyaondoa matangazo ya Serengeti kwenye kuta na milango yao. Mwaka 2010 FCC iliamua kwamba Tanzania Breweries ilikuwa imevunja sheria, na ikaitoza faini ya asilimia 5 ya mauzo yake ya mwaka. Kampuni ilipinga uamuzi huo.

Msomaji aangalie ni nani hasa hugusa bango. Mkurugenzi mkuu hashuki kwenye mitaa ya Bukoba, Kashai au Hamugembe, kubandua karatasi ukutani. Anayefanya hivyo ni kijana wa mauzo mwenye pikipiki, aliyepewa lengo la mwezi na kuahidiwa nyongeza akilifikia, na ambaye kwake kuondoa tangazo la mpinzani ni bidii ya kazi. Kesi ikifika Dar es Salaam inaongelewa kwa lugha ya nguvu ya soko na vifungu vya sheria. Mtaani ilikuwa ni mkono, gundi na ukuta. Mafunzo yanayoishia kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya wakuu wa idara, hayajamfikia huyo kijana, na yeye ndiye atakayerudia kosa.

Hili la nani afundishwe lina historia ndefu, na sehemu yake yenye kufundisha kuliko zote ilitokea Marekani zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Mwaka 1959 Mamlaka ya Bonde la Tennessee, shirika la umma linalozalisha umeme, ililalamika hadharani kuhusu zabuni inazozipokea. Shirika hilo lilitaka kununua mitambo ya umeme, likaalika kampuni kuleta bei kwa siri, na bahasha zilipofunguliwa baadhi ya bei zilifanana mpaka senti. Bahasha zilizofungwa kila moja mahali pake haziwezi kufanana hivyo kwa bahati. Gazeti la mji wa Knoxville liliandika habari hiyo, na Wizara ya Sheria ikaanza kuchimba.

Kilichofukuliwa kilikuwa mfumo uliopangwa kwa uangalifu wa kutisha. Mameneja wa General Electric, Westinghouse na kampuni nyingine walikuwa wakikutana hotelini na kugawana zabuni. Kwenye aina moja ya mitambo walikuwa na jedwali lililofuata awamu za mwezi wa angani: lilionyesha ni zamu ya nani kutoa bei ya chini kipindi hicho, na wengine watoe bei za juu kiasi gani ili zabuni ionekane ya kweli. Orodha ya wahudhuriaji waliiita orodha ya kadi za Krismasi. Vikao vyao waliviita mazoezi ya kwaya. Walipofika hotelini hawakuandika majina ya kampuni zao kwenye daftari la wageni, na asubuhi hawakukaa meza moja kunywa chai.

Mwezi Februari 1961, mjini Philadelphia, Jaji J. Cullen Ganey alizitoza faini kampuni 29. Faini zote zilikaribia dola milioni 2, na General Electric peke yake ililipa dola 437,500. Watendaji saba walipelekwa jela siku 30 kila mmoja. Walikuwa wazee wa makanisa na viongozi wa hisani katika miji yao, watu ambao majirani waliwaamkia kwa heshima.

Jambo linaloihusu sura hii ni waraka. General Electric ilikuwa na waraka wa ndani namba 20.5, uliokuwapo tangu miaka ya 1940, ukimkataza mtumishi yeyote kuingia katika makubaliano na mshindani kuhusu bei. Uliandikwa kwa lugha isiyo na utata. Mameneja waliletewa, wakausoma, wakausaini. Baadhi ya walioweka saini ndio hao waliokuwa wakihudhuria mazoezi ya kwaya. Walipoulizwa baadaye, wengine walieleza kwamba hawakuamini kama waraka ule ulikuwa na maana. Waliona wakubwa wao nao wakikutana na washindani, na waliona kwamba anayefikia lengo la mauzo hupandishwa cheo bila kuulizwa amelifikiaje. Uongozi wa juu ulijitetea kwamba kampuni haina kosa kwa kuwa waraka ulikuwapo. Jaji hakukubali. Aliona waraka ule ulijulikana zaidi kwa kuvunjwa kuliko kwa kufuatwa.

Mafunzo ya uzingatiaji kama yanavyojulikana leo katika kampuni za Marekani yalikua kutokana na kesi hiyo. Kabla yake kampuni ziliona inatosha kuandika katazo na kukusanya saini. Baada yake ilianza kueleweka kwamba saini haithibitishi kitu, na kwamba mtu anayefundishwa sheria asubuhi na kupewa lengo lisilofikika jioni atalifuata lengo.

Yapo pia mafunzo yanayofundisha kosa lenyewe. Tarehe 5 Agosti 2024, mjini Washington, Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imevunja sheria kwa kulinda kwa njia haramu ukiritimba wake wa kutafuta habari mtandaoni. Ndani ya hukumu hiyo ndefu mna sehemu kuhusu jinsi watumishi walivyofundishwa kuandika. Walielekezwa kuepuka maneno kama vile sehemu ya soko na kutawala soko. Mazungumzo yao ya ofisini kwenye programu ya ujumbe yaliwekwa yajifute baada ya saa 24. Jaji alieleza kwamba kampuni ilifaulu kuwafundisha watu wake wasitengeneze ushahidi mbaya, ingawa hakuiadhibu kwa hilo. Mwaka uliofuata, katika makubaliano ya kumaliza kesi iliyofunguliwa na wanahisa wake, Google ilikubali kutumia dola milioni 500 katika kipindi cha miaka 10 kujenga upya mfumo wake wa uzingatiaji, pamoja na kamati ya bodi ya kuusimamia.

Dola milioni 500 ni fedha nyingi. Lakini mtu aliyesoma habari za waraka namba 20.5 atauliza fedha hizo zitafundisha nini: kutofanya, au kutosema? Mafunzo ya kutosema yana hatari hata kuliko kukosa mafunzo, kwa sababu yanamwachia mkosaji kosa lake na kumnyang'anya mlalamikaji ushahidi.

*

Afrika ina mfano wake mzuri, na ulianza kwa mkate.

Mwezi Desemba 2006, katika jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, wasambazaji wadogo wa mkate walipata taarifa kutoka kampuni kubwa za kuoka. Bei ingepanda, na punguzo walilozoea kupewa lingekatwa. Waliona kwamba kampuni zilizodaiwa kushindana zimetangaza mambo yaleyale wakati uleule. Mmoja wa wasambazaji hao, Imraahn Mukaddam, alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani. Kampuni ya Premier ilikimbilia msamaha kwa kukiri na kutoa ushahidi. Tiger Brands ilisuluhishwa mwaka 2007 kwa kulipa randi milioni 98.8. Pioneer Foods iliamua kupambana, na mwaka 2010 ikatozwa faini ya takriban randi milioni 195.

Mikataba ya usuluhishi ya Afrika Kusini huwa na kifungu ambacho Tanzania ingefaa kukiangalia kwa makini. Mbali na faini, kampuni huahidi kusambaza muhtasari wa makubaliano kwa mameneja wake, na kuandaa mpango wa mafunzo na kuuwasilisha kwa tume ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 60 au 90. Kwa hiyo mafunzo hayaachwi kuwa hiari ya kampuni. Yanakuwa sehemu ya amri, na asiyeyatekeleza anakuwa amevunja amri.

Kenya nayo imekuwa ikisonga mbele, na kwa upande unaoigusa Kagera moja kwa moja. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 338.8 kwa kupanga bei pamoja. Hiyo ni njama ya wauzaji, inayofahamika. Mwezi Desemba mwaka huohuo ikaja kesi ya mnunuzi. Kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu yake dhidi ya wasambazaji wawili: Pwani Oil, na Woodlands, ambayo huuza asali. Mamlaka ilisema wasambazaji walikuwa wakikatwa asilimia ya mauzo yao, wakitakiwa kutoa bidhaa za bure na kupeleka watumishi wao kufanya kazi ndani ya maduka ya mnunuzi. Pamoja na faini, kampuni iliamriwa irudishe makato na kuifanyia marekebisho mikataba yake na wasambazaji wote. Nayo ilikwenda kwenye baraza la rufaa kupinga.

Hapo msomaji wa Muleba atajitambua. Anayeuza asali kwa duka moja kubwa na anayeuza kahawa kwa mnunuzi mmoja wana tatizo la aina moja: wakikataa masharti, hawana mlango wa pili wa kubisha. Sheria za ushindani zilizoea kumtazama muuzaji anayempunja mnunuzi. Mkulima ni muuzaji, na anayempunja ni mnunuzi, ndiyo maana kwa muda mrefu sheria hizo zilionekana kama hazimhusu.

*

Kahawa ya Kagera imewahi kupita katika mikono ya kila aina ya soko. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilisajiliwa mwaka 1950, na kikawa nguzo ya uchumi wa Wahaya: kilikusanya, kilisomesha, kilijenga. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote, kisha katika miaka ya 1980 ikavirudisha. Chama cha Kagera tunachokijua leo kama KCU kilijiunda upya mwaka 1990, na huhudumia vyama vya msingi vya Bukoba, Muleba na Missenyi. Jirani yake KDCU hushika Karagwe na Kyerwa. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa, na kampuni binafsi zikaingia vijijini na mizani yao.

Wakulima wengi waliufurahia mwanzo wa ufunguzi huo. Fedha zilitoka papo hapo, na wanunuzi waliokuwa wageni walilazimika kutoa bei nzuri ili wapate mzigo. Furaha ya aina hiyo huhitaji mlinzi. Sheria ya kwanza ya ushindani nchini ilitungwa mwaka 1994, lakini tume yenye meno haikuwapo mpaka FCC ilipoanza kazi mwaka 2007. Kwa zaidi ya miaka kumi soko la kahawa lilikuwa wazi, na hakuna aliyewafundisha wanunuzi wala makarani wao kwamba kukubaliana bei ya kijiji ni kosa la kisheria. Wengi hawakuwa na sababu ya kujua.

Mwaka 2018 serikali ilikata shauri kwa njia nyingine. Wanunuzi binafsi walizuiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima, na mavuno yakaelekezwa kwenye vyama vya msingi, AMCOS, ili yauzwe mnadani. Lengo lilikuwa kumkata mguu mlanguzi wa butura. Lakini mkulima aliyekuwa na wanunuzi wengi wasioaminika alibaki na mlango mmoja, na malipo yalipochelewa, magunia yalianza kuvuka kwenda Uganda. Kwenye mpaka wa Mutukula na vivuko vya mto Kagera, magendo ya kahawa yamekuwa kero ya kila msimu.

Miaka ya karibuni minada imesogezwa Kagera yenyewe, karibu na wenye mali. Hilo ni jambo jema kabisa. Mkulima anaweza kusimama akasikia kampuni zikitaja bei ya kahawa yake, kitu ambacho baba yake hakukipata pale kahawa ilipokuwa ikipelekwa Moshi kwenye mnada wa mbali. Mwaka 2024 kilo ya kahawa ya maganda ilipita shilingi 4,000, bei ambayo wakulima wengi hawakuwahi kuiota. Sifa nyingi zilikwenda kwa minada. Sehemu yake ilistahili. Lakini mwaka huohuo robusta, aina ya kahawa inayolimwa zaidi Kagera, ilivuka dola 5,000 kwa tani kwenye soko la London, rekodi ya miongo mingi, kwa sababu ya ukame Vietnam na hofu ya upungufu. Bei ya dunia ikipanda kiasi hicho, hata mnada uliopangwa utaonekana mzuri. Mkulima aliyezoea shilingi 1,500 akipata 4,000 hatauliza kama alistahili 4,600.

Mnada una ulinzi dhidi ya mlanguzi mmoja, kwa kuwa unawaleta wanunuzi wengi mahali pamoja. Njama ya wanunuzi wachache wanaofahamiana ni habari nyingine. Wanunuzi wa kahawa ya robusta ni watu wanaojuana, wanaokutana mnada baada ya mnada, wenye simu za wenzao. Kugawana maeneo ni rahisi: wewe chukua mzigo wa chama hiki, mimi nachukua wa kile. Mbinu za kina General Electric hazihitaji mitambo ya umeme ili zifanye kazi, na jedwali la awamu za mwezi linaweza kuandikwa leo kwenye kikundi cha WhatsApp. Hakuna anayetuhumiwa hapa. Sheria ya ushindani hutungwa kwa ajili ya mahali ambapo njama ni rahisi, na mnada wenye wanunuzi wachache ni mahali hapo.

Basi mafunzo yangefundisha nini, na yamfundishe nani?

Wa kwanza ni mwakilishi wa kampuni anayetuma bei mnadani. Huyu aambiwe bila kuzungushwa kwamba kumpigia mshindani simu kabla ya mnada na kuuliza utasimama wapi ni kosa, hata kama hawakukubaliana kitu. Aambiwe pia kwamba kampuni yake haitamlipia kosa lake kwa kumficha. Na mwajiri wake atazame upya nyongeza anayompa, kwa maana kama anasifiwa kwa kununua kwa bei ya chini tu, ameshapewa somo lingine lenye nguvu zaidi.

Karani wa AMCOS anastahili somo la aina yake, kwa kuwa ndiye anayeona bahasha zote. Mamlaka ya Tennessee iligundua njama kwa sababu mtu fulani alilinganisha namba na kustaajabu. Karani anayeweka kumbukumbu za minada yote ya msimu, nani alitaja bei gani na nani alishinda wapi, anashika kitu ambacho mchunguzi wa FCC atakihitaji. Afundishwe dalili: mshindi anayebadilika kwa zamu, bei zinazofuatana kwa tofauti ileile kila mara, kampuni inayokuja kwenye kila mnada na haishindi wala haionekani kusikitika.

Viongozi wa vyama nao wasijione wako nje ya somo. Chama kilichopewa na sheria kazi ya kukusanya kahawa yote ya eneo kina nguvu kubwa mkononi, na mkulima anayengoja malipo wiki kadhaa ana haki ya kujua kwa nini. Kesi ya Carrefour imeonyesha jinsi mnunuzi asiye na mpinzani anavyoweza kumhamishia msambazaji hasara zisizo zake, kidogo kidogo, kupitia makato. Makato ya mizani, ya unyevu, ya gunia na ya usafiri yaandikwe kwenye stakabadhi moja moja, mkulima ayaone.

Lugha nayo ina uzito. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Kwa mafunzo ya Muleba hata Kiswahili peke yake hakitoshi kwa wazee wote. Maelezo ya Kihaya yatahitajika kwenye mikutano ya vijiji. Kurasa za maonyesho ya kompyuta zenye vifungu vya Kiingereza, ambazo ndizo zinazouzwa na wakufunzi wengi wa kampuni, zibaki Dar es Salaam.

Wakati pia. FCC huadhimisha Siku ya Ushindani Duniani kila tarehe 5 Desemba, kwa semina na hotuba. Msimu wa robusta Kagera huanza karibu na Mei na kumalizika kabla ya mwisho wa mwaka. Ifikapo Desemba kahawa imeshatoka mikononi mwa mkulima, na elimu inayofika siku hiyo inamkuta akihesabu alichobakiwa nacho.

Tanzania haihitaji kungoja hukumu ya kahawa ndipo ianze. General Electric ilifundishwa baada ya watu wake kwenda jela, Google baada ya miaka ya kesi, na waoka mkate wa Afrika Kusini baada ya maskini kulipa zaidi kwa kila mkate walioununua. Kila mmoja alijifunza kwa gharama ya mtu mwingine ambaye hakurudishiwa chake chote.

Kwa hiyo ombi la sura hii liende kwa FCC, Bodi ya Kahawa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa pamoja. Mafunzo haya yafanyike Bukoba na Muleba mwezi Aprili, kabla ya mnada wa kwanza. Yawe sharti la leseni: kampuni ambayo wawakilishi wake hawajayapitia isiruhusiwe kutaja bei msimu huo. Majina ya waliofundishwa, pamoja na namba ya simu ya FCC ya kupokea malalamiko, yabandikwe kwenye ubao wa kila AMCOS, kando ya mzani, mahali ambapo mkulima husimama akisubiri gunia lake lipimwe.